Muulize Mkaguzi: Fedha Zilitoka, Mbona Hazikufika?

Barua za mwezi huu zinazunguka jambo moja: nchi ina ardhi, ina madini, ina vijana waliosoma, na kila mwaka bajeti inasomwa bungeni, mbona haisogei? Mimi si mchumi, na siasa sikuwahi kuiweza. Maisha yangu ya kazi niliyamaliza kwenye vitabu vya hesabu za serikali, na mkaguzi hana maswali marefu. Anataka kujua nani aliidhinisha, nani alipokea, na nani atajibu endapo kitu hakikufika. Majibu yangu yatatoka hapohapo. Anayetaka hotuba atanisamehe.

Bi Mkaguzi, shikamoo. Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Kila mwaka tunasikia kwamba ruzuku ya wanafunzi imetengwa na imeshatolewa. Kwetu inafika nusu, pengine robo, na mara nyingine muhula umekwisha. Nikiuliza huko juu naambiwa nivumilie. Fedha hizi anazila nani?
*Mwalimu Mkuu*

Marahaba, Mwalimu. Huenda hazikuliwa na yule unayemfikiria. Tumezoea kumsaka mwizi mmoja mwenye tumbo kubwa, na wapo, lakini fedha za shule mara nyingi hupotea kwa njia ya upole zaidi.

Katikati ya miaka ya 1990 huko Uganda ulifanyika uchunguzi ambao wahasibu wengi wangependa usifanywe popote. Wachunguzi walichukua kumbukumbu za hazina, wakaenda nazo hadi kwenye shule za msingi zipatazo 250, wakalinganisha kilichotoka na kilichopokelewa kati ya 1991 na 1995. Kwa wastani, katika kila shilingi 100 ya ruzuku ya matumizi ya shule, zilizofika zilikuwa 13. Shule nyingi hazikupata kitu kabisa. Fedha ziliishia ofisi za wilaya, zikafanya kazi nyingine, baadhi za umma, baadhi za siasa, na baadhi za mifukoni. Kuna jambo lililonigusa zaidi katika taarifa ile: shule za maeneo yenye wazazi wenye uwezo zilipata zaidi, kwa sababu wale waliweza kwenda kudai. Mwalimu wa kijijini hakujua hata anastahili kiasi gani.

Baadaye serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa kwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika kwenye ubao wa matangazo kile zilichopokea. Ilipofika 2001, kiasi kinachofika kilikuwa kimepita asilimia 80. Wako watafiti wanaosema gazeti lisipewe sifa zote, maana wakati uleule wilaya zilikuwa zikibanwa kwa njia nyingine pia. Nakubaliana nao. Tangazo peke yake halimtishi mtu asiyekuwa na wa kumwadhibu.

Sasa nikueleze zinavyokwama kwa vitendo, maana nimeziona kwenye vocha. Fedha zinaingia zimechelewa. Wiki hiyohiyo kuna mgeni mkubwa anakuja, na kasma ya mapokezi, yaani fungu lake la bajeti, haina kitu. Mtu anasema tukope kidogo kwenye elimu, tutarudisha. Masurufu, yaani fedha za kuchukua mkononi kwa kazi maalumu, yanaandikwa, mgeni anakuja, anakwenda, mwaka wa fedha unafungwa, na kwenye vitabu panasomeka “usimamizi na ufuatiliaji”. Safari moja nilikuta fedha za madawati zimenunua matairi ya gari la kukagulia madawati. Kila karatasi ilikuwa na sahihi mbili na mhuri. Mhasibu hakuwa na wasiwasi hata chembe. Alinichukua akanionyesha gari.

Mtu kama huyo hajabeba kitu kwenda nyumbani kwake, na ndiyo maana hashtuki ukimwita mwizi. Wanafunzi wako hawamo katika orodha ya watu anaopaswa kuwajibu. Aliye katika orodha hiyo ni yule anayempandisha cheo, na huyo alifurahi mgeni alivyopokelewa.

Kwa hiyo usiulize fedha ziko wapi. Andika barua uombe vitu vitatu: kiwango cha ruzuku kwa mwanafunzi mmoja, tarehe iliyotumwa, na kiasi kilichotumwa kwa jina la shule yako. Kisha waambie wazazi kiasi hicho kabla hakijafika, si baada. Mkubwa wako anaweza kukunyamazisha wewe kwa simu moja. Wazazi mia mbili wanaojua idadi kamili ni kazi nyingine.

Na kwa kuwa umeanza wewe, Mwalimu, nami nina langu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walikwenda bila taarifa kwenye shule na vituo vya afya vya nchi sita: Bangladesh, Ecuador, India, Indonesia, Peru na Uganda. Walimu asilimia 19 hawakuwepo. Wahudumu wa afya wasiokuwepo walikuwa asilimia 35. Sisemi shule yako, sijafika. Ila mzazi akija kusoma tangazo la ruzuku, naomba akute daftari la mahudhurio limening'inia pembeni yake.

Bi Mkaguzi, shikamoo. Nina shahada na matokeo mazuri. Nimehudhuria usaili mwingi serikalini, na nafasi huenda kwa kabila la mkubwa wa ofisi. Je, ukabila si ndio ugonjwa wenyewe, mengine yote ni dalili?
*Kijana Aliyechoka*

Marahaba, mwanangu. Naelewa uchovu wako, ila sikubali kwamba ukabila ni ugonjwa wa damu ambao watu huzaliwa nao. Ungekuwa hivyo ungefanana kila mahali, na haufanani.

Mtafiti Edward Miguel alilinganisha wilaya mbili za vijijini, Busia ya Kenya na Meatu ya Tanzania. Kote kuna mchanganyiko wa makabila. Busia, palipochanganyika zaidi, watu walichangia shule kidogo zaidi, kana kwamba kila kundi lilisita kulipia watoto wa jirani. Meatu, mchanganyiko haukupunguza michango. Yeye aliona sababu ni siasa za baada ya uhuru: upande wa Tanzania Kiswahili kilisukumwa shuleni na serikalini, mitaala ikasisitiza taifa, mamlaka ya machifu yakaondolewa, upande wa pili siasa ikajengwa juu ya makabila. Sitaki kupamba. Upande huohuo wa Kiswahili uliishi na chama kimoja kwa miaka mingi, na katika miaka ya 1970 watu walihamishwa kwa nguvu kwenda vijiji vipya. Lakini kwenye hili la kabila, palikuwa na uamuzi, nao ulifanya kazi.

Kuna utafiti mwingine uliofuatilia fedha za barabara nchini Kenya tangu 1963 hadi 2011. Wilaya zenye watu wa kabila la rais zilipata mara mbili ya fedha walizopata wenzao. Hilo halikushangaza mtu. La kushangaza ni kwamba katika vipindi vya demokrasia, upendeleo huo ulitoweka. Makabila yalikuwa yaleyale, rais naye alikuwa na kabila lake vilevile. Ila alikuwa anatazamwa.

Kuhusu usaili wako: kila jopo linalofanya kazi inavyotakiwa hujaza karatasi za alama, kila mjumbe yake. Nilipokuwa kazini nilizitafuta kabla ya kitu kingine chochote, na sikuangalia alama, niliangalia mwandiko. Wajumbe watano, kalamu moja, mkono mmoja; hapo kazi yangu ilikuwa imekwisha. Andika rufaa, uombe karatasi hizo zihifadhiwe. Hata wasipokupa, watajua kuna mtu anazijua.

Bi Mkaguzi, tuache kuzunguka. Nchi hizi zinahitaji kiongozi mmoja mkali, miaka kumi, afukuze wezi wote. Demokrasia baadaye.
*Msema Kweli*

Georgia, ile nchi jirani ya Urusi, ilijaribu sehemu ya dawa yako. Baada ya mapinduzi ya amani ya 2003, serikali mpya ilifukuza maelfu ya polisi wa usalama barabarani kwa mpigo, ikaajiri wapya na kuwalipa vizuri, na rushwa ya barabarani ikaporomoka. Watu waliona kwa macho yao, siwezi kulikataa. Serikali ileile, mwaka 2012, zilionyeshwa kwenye televisheni video za wafungwa wakiteswa katika magereza yake, na wiki chache baadaye ikashindwa uchaguzi. Angalia bahati yao: ulikuwepo uchaguzi wa kuishindia. Zaire ya Mobutu, 1965 hadi 1997, nayo ilianza kwa ahadi ya nidhamu.

Shaka yangu ni ya kikazi. Kiongozi mkali, mkaguzi wake ni nani? Nimewahi kukagua ofisi ambayo mkubwa wake aliogopwa na kila mtu. Mafaili yake yalikuwa nadhifu kuliko yote niliyoyaona. Ghala lilikuwa tupu.

Mwanangu Mkaguzi, nimekusoma muda mrefu. Unatulaumu sisi tu. Waliotupora kwa miaka mingi mbona huwaandikii hoja za ukaguzi?
*Mzee Msomaji*

Shikamoo, mzee wangu. Ningewaandikia, na hati yao ingekuwa chafu. Congo ilipata uhuru mwaka 1960 ikiwa na wazalendo wenye shahada wasiofika 30, katika nchi yenye ukubwa wa kumeza nchi kadhaa za Ulaya. Reli nyingi za Afrika zilijengwa kutoka mgodini hadi bandarini, si kutoka mji hadi mji. Anayesema hayo yamepita hajawahi kurithi deni.

Ila Botswana nayo ilitawaliwa. Ilipojitawala mwaka 1966 ilikuwa miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani, lami yake ikiwa ya kilomita chache. Mwaka uliofuata almasi zikagunduliwa Orapa, eneo la Wabangwato, kabila la rais mwenyewe, Seretse Khama, ambaye alikuwa mrithi wa uchifu wao. Angeweza kusema ni mali ya ukoo. Chama chake kilikuwa kimeshaamua kwamba haki za madini zitoke kwa makabila ziende kwa taifa, na Wabangwato wakatoa kama wengine. Sierra Leone pia ilikuwa na almasi, na pia ilitawaliwa na Uingereza. Vita vyake vya 1991 hadi 2002 vilikula almasi hizo na watu pamoja nazo.

Botswana si pepo. Pengo la tajiri na maskini ni kubwa, vijana wengi hawana kazi, uchumi unayumba kila bei ya almasi inaposhuka, na mwaka 2024 wapiga kura walikiondoa madarakani chama kilichotawala miaka 58. Lakini ule uamuzi wa mapema juu ya nani mwenye mali, kabla mali haijaanza kutoka ardhini, ndio ninaowaonea wivu. Baada ya fedha kuanza kuingia, hakuna anayekubali tena kubadili kanuni.

Bi Mkaguzi, mimi ni mwanamke pekee niliyechaguliwa katika baraza letu. Nikisema maji, wanasema nimeleta mambo ya jikoni, na wanapitisha ukumbi. Mume wangu anaulizwa msimamo wangu kabla yangu.
*Mjumbe*

Dada Mjumbe, pole. India walibadili katiba, na tangu 1993 angalau theluthi moja ya nafasi za mabaraza ya vijiji zimetengwa kwa wanawake, pamoja na uenyekiti. Hata huko, hadi leo kuna waume wanaoongoza vikao kwa niaba ya wake zao waliochaguliwa, kwa hiyo hauko peke yako. Lakini watafiti waliolinganisha vijiji vya West Bengal na Rajasthan walikuta kwamba penye mwenyekiti mwanamke, fedha nyingi zaidi zilikwenda kwenye maji. Kura iliyowekwa mahali pa mwisho pa kusainia inahesabika hata kama mwenye kura anadharauliwa.

Wewe huna uenyekiti, basi tumia muhtasari. Kila unapopingwa, taka iandikwe: nani alipendekeza maji, nani alikataa, kwa sababu gani. Usiridhike na “wajumbe walijadili kwa kina”. Kikao kinachofuata, kabla muhtasari haujathibitishwa, soma aya yako kwa sauti. Wanaume wengi jasiri wa mdomoni huwa wapole wakiona majina yao yamekaa karibu na neno “alikataa maji”. Na mume wako, kama anakutakia mema, ajifunze kujibu: muulizeni mwenyewe.

Bi Mkaguzi, deni la taifa ni dhambi?
*Mfanyabiashara*

Hapana. Kulificha ndiyo. Kati ya 2013 na 2014 kampuni tatu za serikali ya Msumbiji zilikopa karibu dola bilioni 2 kwa ajili ya meli za kuvulia jodari na ulinzi wa pwani, kwa dhamana ya serikali. Sehemu kubwa bunge halikuambiwa. Ilipojulikana mwaka 2016, wafadhili wakasitisha misaada ya bajeti, sarafu ikaanguka, na mwananchi ambaye hakuwahi kuiona meli hata moja akaanza kulipa. Waziri wa fedha aliyesaini dhamana zile alitiwa hatiani na mahakama ya New York mwaka 2024.

Ukitaka kujua kama mkopo ni salama, usianze na riba. Anza na tarehe wabunge walipoonyeshwa mkataba, ulinganishe na tarehe uliosainiwa.

Shikamoo Bi Mkaguzi. Mimi ni fundi ujenzi, shule niliishia madarasa ya chini. Haya ya tafiti ni ya wasomi. Mtu kama mimi atafanya nini?
*Fundi*

Marahaba, Fundi. Barua yako niliiweka ya mwisho makusudi, kwa sababu wewe unaweza kuliko hao wengine wote.

Mwaka 1994, katika vijiji vya Rajasthan nchini India, vibarua na wakulima walianza kufanya mikutano ya hadhara ya aina yake. Walikuwa wameishi miaka mingi wakilipwa chini ya ujira wa kisheria kwenye kazi za barabara na mabwawa, na kila wakilalamika waliambiwa kumbukumbu zinaonyesha vingine. Basi wakadai hizo kumbukumbu. Walipofanikiwa kupata nakala, hawakuzipeleka mahakamani wala kwa mwandishi wa habari kwanza. Walizisoma kwa sauti mbele ya kijiji kizima, jina kwa jina. Fulani amelipwa siku kadhaa kwenye bwawa. Fulani akainuka, akasema sijawahi kufika kwenye bwawa hilo. Fulani mwingine alikwishafariki. Jengo limelipiwa likakamilika. Watu wakageuka kulitazama, halina paa. Wengi wa waliosikiliza hawakujua kusoma. Hawakuhitaji, kwa sababu walijua nani alifanya kazi na nani hakufanya. Kudai kwao kule ni moja ya vyanzo vya sheria ya haki ya kupata taarifa ya India ya mwaka 2005, na ofisa anayekaa na taarifa bila sababu anaweza kutozwa faini kutoka mshahara wake mwenyewe.

Nimekaa na wahandisi wengi. Kwenye karatasi wananizidi. Lakini fundi akiambiwa ukuta huu umekula mifuko kadha ya saruji, anaugonga kwa kiganja, anakwangua kwa ukucha, anajua. Mkaguzi mwenzangu mmoja alikuwa hafungui faili la jengo kabla hajazungumza na waashi waliolijenga, na sikumwona akikosea mara nyingi.

Chagua kazi moja ndogo iliyo karibu nawe, choo cha shule au daraja la mguu. Usianze na hospitali ya rufaa. Omba mkataba wa mkandarasi, mchanganuo wa vifaa na gharama, na orodha ya vibarua waliolipwa. Usiende peke yako, na usiende na mgombea wa chama chochote, hata kama anajitolea nauli. Atalibeba jambo lako hadi siku ya uchaguzi, alitupe hapo. Ukiambiwa hati ni siri, omba jibu hilo kwa maandishi, pamoja na kifungu cha sheria kinachosema hivyo. Ombi lako liandike nakala mbili, zote zigongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na moja ubaki nayo.